Hakuna Aliyemuuliza Riziki Kuhusu Mafuta

Baraka, Alhamisi jioni.

Mvua ilinyesha asubuhi kwa muda mfupi, kama mgeni aliyekwisha kuaga akarudi kuchukua kitu alichosahau. Tangu saa sita jua limekuwa kali, na barabara ya sokoni imekauka tena kana kwamba haikuguswa na tone. Nimerudi nyumbani mapema nikafunga mlango. Nina aibu, na sijui niiweke wapi isipokuwa hapa.

Kwa anayesoma ukurasa huu kwa mara ya kwanza: mimi ni mfanyakazi wa jamii kwenye mahakama ya watoto. Mtoto akifanya kosa, hakimu haamui lolote kabla hajajua anaishi na nani, anasoma au hasomi, na nyumbani kwake kukoje. Kuyajua hayo ndiyo kazi yangu. Ninatembea, ninauliza, ninaandika ripoti, na mara nyingi hakimu hufuata pendekezo langu kama lilivyo. Watu huniita Madame Sosiale. Kazi hii nimeifanya miaka saba. Majina nitakayoyataja si majina yao.

Miezi mitatu iliyopita, watoto wawili waliiba bidoni, yaani dumu, ya mafuta ya mawese kutoka kwenye kinu kimoja nje kidogo ya mji. Mmoja ni Wilondja, mvulana wa miaka kumi na sita. Mwingine ni Riziki, mtoto wa shangazi yake, msichana wa miaka kumi na mitano anayelelewa na bibi yake mzaa mama. Bidoni ilikuwa moja, siku ilikuwa moja, na wote wawili hawakuwahi kushtakiwa kabla ya hapo. Mafuta yalirudishwa kwa mwenyewe yakiwa yamejaa.

Wilondja alionywa, akalala nyumbani kwao siku ileile ya uamuzi. Riziki alipelekwa Nundu, mbali na mji wetu, kwenye familia ya mapokezi inayolea watoto kwa niaba ya mahakama, “mpaka mwenendo wake utengemae.”

Maneno hayo ni yangu. Hakimu aliyanakili tu.

Jumatatu hakimu ataupitia upya uamuzi huo. Jumatano ya wiki hiyohiyo unaanza mtihani wa kumaliza mwaka wa nane, na jina la Riziki limeandikwa kwenye shule yake ya hapa Baraka. Akiachwa Nundu, mwaka wake umekwenda. Kwa hiyo mtihani wake unategemea Jumatatu, na Jumatatu inategemea ripoti mpya ambayo nilitakiwa kuiwasilisha kabla ya kesho adhuhuri.

Leo asubuhi nilikwenda ofisini kuisoma ripoti yangu ya kwanza, nijue nilipoishia. Karani wetu, Papa Byaombe, ni mtu mzima anayekaribia kustaafu, na hakuna anayepita mbele ya meza yake na karatasi mkononi bila kutaniwa. Kwa kuwa kesi ni moja, alikuwa ameyaweka mafaili ya watoto wale wawili pamoja. Alikuwa ameyasoma yote mawili wakati akinisubiri.

“Madame Sosiale, kuya hapa kwanza. Uko unatafutia nani bibi?”

Sikumwelewa, ingawa najua kwamba kwa watu wa hapa bibi ni mke pia. Aliinua faili moja kwa mkono huu na la pili kwa mkono ule, kama anayepima uzito wa samaki.

“Hii ya kijana uliandika wizi. Nusu ya ukurasa, bas. Hii ya binti iko kurasa tatu na mafuta siyaone. Naona saa ya kuamuka. Naona namna ya kuvaa kitenge. Naona namna anasalimiaka bakubwa. Wakati tulitafutia mutoto wangu bibi, bashangazi yake balituletea habari sawa hii. Ulisahau tu kuandika kama anajua kupika sombe.”

Alicheka. Mimi pia nilicheka, maana Papa Byaombe usipocheka naye anaendelea. Kisha nikachukua mafaili, nikaketi kwenye benchi la ukutani, nikasoma.

Kwenye ukurasa wa tatu niliandika hivi: “Anazijua kazi za nyumbani, ikiwa ni pamoja na mapishi, ila huzifanya kwa kusukumwa.”

Papa Byaombe hakuiona sentensi hiyo. Au aliiona akanihurumia.

Nitaeleza namna ninavyofanya kazi, kwa sababu ndiyo jambo ninaloliungama hapa. Kwa ajili ya Wilondja nilikwenda kwa mwalimu wake, kisha kwa baba yake. Niliuliza kilichotokea kwenye kinu, nani aliona, na kama familia iko tayari kumsimamia. Kwa ajili ya Riziki sikwenda kwa mwalimu. Nilikwenda kwenye bomba la maji la mtaa wao, nikaketi juu ya ndoo iliyofunikwa, nikazungumza na akina mama waliokuwa kwenye foleni. Hakuna aliyenituma huko, na hakuna karatasi ofisini inayosema kwamba habari za msichana huulizwa bombani na za mvulana shuleni. Miguu yangu ilikwenda yenyewe. Imekuwa ikienda huko miaka saba.

Leo najua nani aliizoesha njia hiyo.

Nilipokuwa na miaka kumi na saba, kaka yangu alitaka kuoa, na Shangazi Asende alinichukua twende naye kumchunguza binti mmoja katika kijiji cha jirani. Kwetu hilo ni jambo la kawaida, na ni heshima kwa shangazi kutumwa. Hatukuanzia kwa wazazi wa binti. Tulianzia kwa majirani. Shangazi aliomba maji ya kunywa, akasifu uwanja uliofagiliwa, kisha akasema kwa upole, kama mtu asiye na haja, “Nasikia hapa muko na binti wa bidii.” Akanyamaza. Aliwaacha wao wajaze ule ukimya. Njiani kurudi alinieleza kila alichokisikia na hata ambacho hakikusemwa: nani alimtazama nani, nani alikohoa, nani alibadilisha mazungumzo. Nilistaajabu. Niliona hakuna mtu mwenye akili kama yeye.

Kaka yangu alioa kwingine. Yule binti hakuambiwa kamwe kwamba alikuwa ameulizwa, wala kwamba alikuwa ameanguka.

Baadaye nilisoma chuo kikuu Bukavu. Somo la mahojiano nilipata alama nzuri, na mhadhiri alisema nina kipaji cha kuwafanya watu waongee. Niliamini kwamba nilikuwa ninajifunza kitu kipya. Nadhani chuo kilinipa majina ya kisomi kwa mambo ambayo Shangazi Asende alikuwa amekwisha kunifundisha, na kwa sababu yalikuwa na majina mapya sikuyatambua.

Sitaki kumtupia lawama shangazi yangu. Zipo nyumba ambazo uchunguzi wake uliwaokoa mabinti wetu wasiingie. Yeye alikuwa anatafuta mke wa mpwa wake, na alilijua hilo. Mimi nilitumwa kuuliza habari za bidoni.

Jana nilikuwa Nundu. Nilichukua pikipiki asubuhi, nikafika kabla jua halijawa kali. Mama Antoinette, mjane anayempokea Riziki, ni mtu wa kanisa na mwenye roho nzuri. Alinipokea kwa chai na mihogo, kisha akatoa karatasi aliyoiandika mwenyewe kwa mkono, ameikunja mara nne.

“Nimekuandikia yote, Madame. Mutoto ametengemaa. Ule ulinileteaka na huyu wa leo ni batu babili. Saa kumi na moja iko macho. Anafagia, anachota maji, anapika, na kusimama na bavulana, hapana. Ata kanisani anakaaka na bamama.”

Alisema hayo kwa fahari, na ana haki ya kujivunia. Kila mwezi nimekuwa nikimletea fomu yangu yenye mstari wa “maendeleo ya mwenendo,” na kila mwezi nimeujaza mstari huo kwa ufagio. Hakuna mwezi hata mmoja niliouliza kama Riziki anasoma vitabu vyake. Havikuletwa Nundu. Viko kwa bibi yake.

Riziki alikuwa nyuma ya nyumba akimenya mihogo. Nilimuuliza maswali yangu ya kila mara, naye akajibu “ndiyo, Madame” kwa kila moja. Nilipofunga daftari, yeye ndiye aliyeanza.

“Madame, naweza kuuliza?”

“Uliza.”

“Mi niliiba mafuta, ao?”

“Ndiyo, Riziki. Uliiba.”

“Sasa juu ya nini hakuna mutu ananiulizaka mafuta? Polisi aliniuliza kama niko na bwana. We uliniuliza kama nalalaka nyumbani. Hapa mama anauliza kama nimefagia. Wilondja balimuuliza mafuta. Aliniambia. Ata rangi ya bidoni balimuuliza.”

Hakuwa na hasira. Kisu chake hakikusimama.

Nikafungua daftari tena na kumuuliza kuhusu mafuta, mwezi wa tatu baada ya kumwandikia kurasa tatu.

Alinieleza kwa mpangilio mzuri kuliko mashahidi wengi wazima. Walitaka viatu, kila mtu vyake. Wilondja ndiye aliyeona kwamba mlango wa kinu umeachwa wazi, naye ndiye aliyesema waingie. Aliinua bidoni, akamtwika Riziki kichwani. Nilimuuliza kwa nini Wilondja hakubeba mwenyewe, na yeye ndiye mwenye nguvu zaidi. Aliniangalia kama mtu anayesubiri kuona kama ninatania.

“Kijana na bidoni ku kichwa, Madame? Barabara yote ingemucheka. Bangesimama kumuangalia. Mi nikibeba, hakuna mutu ananiona.”

Basi hata wizi walikuwa wameugawa kama kazi za nyumbani zinavyogawanywa. Wilondja alitangulia mikono mitupu, msichana akafuata na mzigo. Walipita mbele ya watu wengi na hakuna aliyegeuza shingo. Kisha mlinzi wa kinu alipaza sauti kwa mbali, labda akimwita mtu mwingine kabisa. Wilondja akakimbia. Kukimbia kwake ndiko kulikofanya watu watazame.

“Na wewe hukutupa bidoni ukimbie?”

“Nitupe mafuta ya mutu chini? Yangemwangika yote.”

Aliitua polepole, akasimama kando yake mpaka walipofika kumkamata.

Nilijua kwamba kitu fulani kuhusu kusimama huko kilikuwemo kwenye ripoti yangu, lakini sikukumbuka maneno. Leo kwenye benchi niliyakuta: “Hakujaribu hata kukimbia, jambo linaloonyesha ukaidi.”

Ukaidi. Mtoto alisimama ili mafuta yasimwagike.

Ingekuwa rahisi kama akina mama wa bombani wangekuwa wamenidanganya. Ningeandika kwamba majirani ni waongo, nikalala. Lakini hawakudanganya. Walisema Riziki husimama jioni na mvulana nyuma ya kanisa, naye jana alikiri bila kuinamisha uso. Husimama naye. Wanaongea. Nilichokiandika kilikuwa kweli, na ndiyo maana sikukishuku. Tena, ikiwa Riziki alisimama na mvulana, basi kuna mvulana aliyesimama na Riziki, na sidhani kama ripoti ya mtoto yeyote wa kiume imewahi kutaja alisimama na nani, hata zile zilizoandikwa kwa mkono wangu. Kuhusu Wilondja sikuuliza. Wazo lenyewe halikunijia.

Hata hivyo ninajihadhari na hitimisho lililokuja kwa wepesi, na hili limekuja baada ya mzaha wa karani na nusu saa kwenye benchi. Huenda Nundu ilimfaa Riziki kwa kiasi fulani. Bibi yake ni mzee, na kwa Mama Antoinette mtoto anakula mara mbili kwa siku. Huenda wasichana wako kwenye hatari ambazo wavulana hawako, na anayeuliza zaidi juu yao anawalinda zaidi. Sentensi hiyo nimewahi kuisema kwenye semina, na watu waliitikia kwa vichwa. Leo nilijaribu kuiamini tena nikashindwa kujibu jambo moja tu: kama nilikuwa ninamlinda, mbona yeye ndiye aliyepoteza shule?

Kabatini mwangu kuna mafaili ya miaka saba. Sijayafungua. Sijui kama nitayafungua.

Mchana nilikaa na karatasi nyeupe mbele yangu. Njia ya kumrudisha Riziki nyumbani ilikuwa imenyooka kabisa: kuandika kwamba ametengemaa. Anaamka mapema, anafagia, hasimami na wavulana. Hakimu anaipenda lugha hiyo, kwa sababu mimi ndiye niliyemzoesha. Angemwachia kabla chai yake haijapoa.

Njia ya pili ilikuwa kuungama, kumwandikia hakimu kwamba ripoti ya kwanza ilijengwa vibaya tangu msingi. Niliianza barua hiyo. Ilikuwa barua nzuri, na nilipoisoma nilijipenda kidogo, jambo ambalo lilinishtua. Hakimu akipokea barua kama hiyo, sheria inamruhusu kuagiza uchunguzi mpya ufanywe na mtu mwingine. Uchunguzi mpya huchukua majuma. Dhamiri yangu ingekuwa safi na Riziki angekuwa bado anamenya mihogo siku ya mtihani.

Niliichana.

Nilichofanya mwishowe ni hiki. Nilichukua ripoti ya Wilondja nikainakili neno kwa neno, nikabadilisha jina tu. Ni kosa la kwanza: kweli. Anasoma na mwaka wake haujakatika: ilikuwa kweli mpaka nilipoukata mimi. Mali imerudishwa kwa mwenyewe: kweli. Mlezi yuko tayari kumsimamia: kweli, bibi yake alinisihi hivyo siku ya kwanza nami sikuandika. Arudishwe nyumbani na aonywe. Kila sentensi ilimkaa Riziki.

Isipokuwa moja. “Alishawishiwa na binti aliyekuwa naye.”

Nilikuwa nimesahau kwamba niliiandika. Nilitafuta kwenye daftari langu la siku zile nani aliniambia hivyo, mwalimu au baba. Hakuna aliyeniambia. Niliiongeza mwenyewe, nadhani kwa sababu ripoti ilionekana fupi.

Niliiondoa. Mahali pake niliweka mistari minne: nani aliona mlango, nani alibeba, nani alikimbia, na nani aliitua bidoni chini ikiwa imejaa. Nikatia sahihi. Ripoti nzima ilikuwa kama nusu ya ukurasa.

Saa tisa nilimpelekea Papa Byaombe. Aliisoma akiwa amesimama, kisha akaigeuza kuona kama kuna kitu nyuma.

“Na mwenendo iko wapi?”

“Haumo.”

“Hakimu ataiuliza.”

“Aniulize.”

“Ataiuliza, Madame. Namujua tangu zamani. Asipoona mwenendo atasema faili haijaisha, na atapeleka mbele, juma ingine.” Alininyoshea kiganja. “Mama wa Nundu hakukupa kakaratasi?”

Kalikuwa kwenye mkoba wangu, kamekunjwa mara nne.

Nilimpa.

Aliiweka chini kabisa ya faili, chini ya kila kitu. Hakutania. Nadhani ningeona nafuu kama angetania. Nilimuaga, nikatembea mpaka nyumbani bila kusimama kumsalimia mtu.

Sasa najua kwamba Riziki huenda ataufanya mtihani wake, na kwamba huenda ataufanya kwa sababu ya ufagio. Najua pia kwamba ufagio umeingia tena kwenye faili la mahakama, na umeingizwa na mkono wangu siku ileile niliyodai kuutoa. Msichana atakayekuja baada yake atapimwa kwa ufagio huohuo, nami nitakuwa nimeshauacha mlangoni. Kesho kabla ya adhuhuri ninaweza kurudi kuiomba karatasi ile. Sitairudia. Nimejiuliza kama ninamhurumia Riziki au ninaogopa kusimama mbele ya hakimu na nusu ya ukurasa peke yake, na nimepata majibu mawili tofauti kwa saa mbili tofauti.

Nitakalolifanya kesho ni dogo. Nitapita kwa bibi yake nichukue vitabu, nivipeleke Nundu kwa pikipiki ya kwanza. Zimebaki siku tano. Ni kitu ambacho mtu yeyote angekifanya miezi mitatu iliyopita, bila chuo kikuu.

Na Jumatatu saa tatu nitakuwa mahakamani. Najua atauliza. Ataniangalia juu ya miwani yake, kwa adabu kama kawaida yake, na kusema, “Madame, binti ametengemaa?” Jibu ninalo. Nitamwambia kwamba siku ya kosa, mwenzake alipokimbia na watu wakamzunguka, aliitua bidoni ya mtu chini na hakumwaga hata tone.

Nimelisema jibu hilo mara nne humu chumbani, peke yangu. Sijui kama nitalisema nikiwa nimesimama.